Machicha ya Siro

Jumapili, 6 Oktoba 1957

Mimi Nzabandora wa Kalembe, tangu nijue kukamua ndizi, sijaharibu kinywaji hata kimoja. Kasiksi yangu, pombe ya ndizi, wamekunywa machefu, wamekunywa makatekista, amekunywa hata padri mumoja ambaye jina lake silisemi, kwa sababu angali hai na angali anakunywa. Hakuna chungu kilichogeuka siki mukononi mwangu.

Basi, kile cha Pasaka kiligeuka. Na kile cha ndoa ya mwanangu Damascène. Na vingine viwili nilivimwaga nyuma ya nyumba kabla watu hawajaamka, mbuzi ya jirani yangu Mukankusi ikanywa, ikalala kutwa nzima, na yeye akasema imerogwa. Mpaka leo anatafuta mulozi.

Daftari hili nilipewa na katekista niandike dhambi zangu kabla ya Noeli. Niliandika ukurasa mumoja, nikaona ninajisifu, nikauchana. Afadhali niandike mvua. Imeanza leo.

Jeannette anakohoa. Iko mujukuu wangu, mutoto wa Damascène, ana miaka mitatu na kichwa kigumu kama changu. Baba yake yuko Walikale kwenye kazi ya barabara mpaka Noeli. Mama yake ni Sidonie, binti wa wawindaji wa kule kule Walikale, ambaye siku alipofika hapa hakujua kutenganisha ndizi ya kupika na ndizi ya kasiksi. Mutoto wa pori. Naandika bila hofu kwa sababu hajui kusoma.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Sidonie anasema mutoto ana moto mwilini. Nimemuambia kikohozi cha mvua kinaondoka pamoja na mvua.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua haijaondoka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo Sidonie hakuniuliza kitu. Alimufunga mutoto mugongoni akashika njia ya dispanseri. Nikafuata nyuma na fimbo yangu, na begi langu, na ndani ya begi muheha wangu, kwa sababu muzee hatembei bila mrija wake wa kunywea. Hujui utakuta chungu wapi. Muheha ule nilichonga mwenyewe mwaka Damascène alipozaliwa. Hakuna kinywa kingine kimeugusa. Mukamwana haruhusiwi kuushika: akitaka kufagia chini yake, anauinua kwa jani la ndizi, uso ameuelekeza pembeni.

Infirmie wetu, muuguzi wa dispanseri, ni Barthélemy, kijana niliyemuona akitambaa uchi kwenye matope ya soko. Sasa anavaa nyeupe. Aliweka sikio lake kwenye mugongo wa mutoto, halafu akaweka ule mupira wa kusikilizia, halafu akaacha kucheka.

"Papa Nzabandora, hii si kikohozi cha mvua. Hii ni homa ya mapafu."

Sindano zimeisha. Kasha jipya liko ndani ya kamyo, na kamyo iko ndani ya udongo, pale mulima ulipoangukia barabara ya Masisi. Kwenye kabati amebaki na chupa moja tu ya siro, dawa tamu ya kunywa, na hata hiyo haikuwa siro bado, ilikuwa unga. Akatia ndani maji yaliyochemka yakapoa, mpaka kwenye mustari wa chupa, akafunga, akatikisa na kutikisa. Ikatoka rangi ya waridi, nzuri, muntu angeweza kuiweka mbele ya bibi harusi.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja saa sita, kimoja jioni. Kijiko hiki hiki nawapa, si kingine. Muweke chupa mahali pa baridi. Musiigawanye na mutoto mwingine. Hata akipona, muendelee mpaka iishe. Na kila mara, Mama Jeannette, kila mara kabla ya kumimina, mutikise chupa."

Nilikuwa mulangoni, nikacheka. Kijana amesoma miaka mingi na hajui kwamba kinywaji kinatakiwa kulala.

Ijumaa, 11 Oktoba

Asubuhi Sidonie aliinua chupa akaanza kuitikisa kama anafukuza ndege kwenye mutama. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka nje.

"Weka chini! Unataka kumunywesha mutoto machicha?"

"Papa, Barthélemy alisema tutikise."

"Barthélemy alikamua ndizi lini? Tazama chini ya chupa. Unaona ule uji mweupe uliolala? Ile njo machicha. Kinywaji cha mugeni wa heshima kinachotwa juu, pole pole, chungu kimetulia. Machicha ni ya kuku."

"Hii si kasiksi, Papa."

"Iko na rangi, iko na sukari, iko na machicha. Niambie inakosa nini."

Akatazama chini. Mukamwana habishani na baba mukwe. Hata huko porini wanajua. Nikamuambia kuanzia leo chupa ni kazi yangu. Nikaiweka nyuma ya mutungi wa maji, penye baridi, nikaiacha ilale tena mpaka juu ikawa safi kama jicho la jogoo. Halafu nikamimina kama padri kwenye altare, bila kutingisha hata tone. Na kwa sababu mwenye kinywaji anaonja mbele ya mugeni, ili ijulikane hakuna sumu, nikaweka kwanza tone moja kwenye ulimi wangu.

Tamu. Tamu tupu, kama maji ya asali. Dawa ya kwanza duniani isiyo chungu. Wazungu wanajua mambo.

Jeannette akalamba kijiko akaomba kingine. Nikamutazama mama yake hivi, kwa pembe ya jicho. Alikuwa akikunja kikwembe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Vijiko vimekwenda. Moto haujakwenda.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua tangu usiku. Sikuenda misa. Mukankusi alikuja kutuona na mujukuu wake Hilaire, akaketi, akanusa chupa yangu kama mbwa wa mwindaji.

"Papa Nzabandora, hii ni maji ya sukari. Ile dawa kweli, Barthélemy anaiuzia wenye ng'ombe wa Kirolirwe. Sisi anatupa rangi."

Nilimufukuza kwa mdomo, lakini maneno yalibaki nyumbani. Kwa nini mutoto bado anawaka? Amekataa viazi. Amekataa hata ndizi mbivu, yeye anayeiba ndizi kwenye shimo la kuivishia.

Saa sita Sidonie alisimama mbele yangu, mikono imefungwa nyuma.

"Papa. Niitikise mara moja tu?"

"Ukigusa ile chupa nitakurudisha kwa baba yako ukale nyani."

Nilisema nikicheka. Yeye hakucheka. Jioni alikuwa anamufanyia mutoto upepo kwa jani, na midomo yake ilikuwa inakwenda, sijui ni rozari ao ni maneno ya kwao.

Jumanne, 15 Oktoba

Jana sikuandika. Leo naandika kwenye benchi ya dispanseri, daftari juu ya goti, mutasamehe maandiko.

Jana asubuhi mutoto alikuwa anapumua kama mvukuto wa muhunzi. Kila pumzi, ngozi ilikuwa inaingia katikati ya mbavu, na matundu ya pua yanafunguka. Nilimuita, "Jeannette, mushenzi wangu," jina ambalo akilisikia kila siku ananirushia kitu. Hakurusha kitu. Alinitazama kama mimi ni muti.

Tukatoka kwenye mvua, Sidonie mbele na mutoto chini ya majani ya ndizi, mimi nyuma na chupa. Njia yote nilikuwa natengeneza matusi ya kumupa Barthélemy. Nilikuwa nayo mengi na mazuri. Nikaingia bila hodi, nikabandika chupa juu ya meza yake.

"Maji yako ya rangi haya hapa! Kawauzie wa Kirolirwe na haya vilevile!"

Aliiacha chupa pale. Alimushika kwanza mutoto, akasikiliza mugongo, akaangalia kucha. Ndipo akachukua chupa, akaiinua kwenye mwangaza wa dirisha, akailaza pembeni. Juu maji yakakimbia. Chini kikabaki kitu cheupe, kimeshikana kama chokaa, hakikimbii.

"Ulionja, Papa?" Ananijua.

"Kila mara. Tone."

"Ilikuwa namna gani?"

"Tamu."

"Na nyuma ya utamu? Uchungu?"

"Hakuna uchungu."

"Dawa hii ni chungu. Sukari ni nguo tu." Akageuka. "Mama Jeannette, sikukuambia utikise?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Sidonie alikuwa na mutoto kifuani na macho yake yako chini. Alikuwa na jibu. Lilikuwa limesimama pale pale, na fimbo, na begi. Angelionyesha kwa kidole tu. Hakuinua hata kidole. Huyu njo niliyemuambia nitamurudisha akale nyani.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifikiri ni machicha."

Nilingoja Barthélemy acheke. Ningetoa kila kitu ili acheke! Alisema kwa sauti ndogo, "Papa, machicha njo dawa. Unga hauyeyuki, unaelea tu ukitikiswa, halafu unashuka. Umemunywesha mutoto sukari na maji."

"Basi iko bado! Iko yote hapo chini! Nipe kijiti nikwangue, nimupe sasa hivi!"

"Hapana. Ukimupa hiyo utamupa ya siku nyingi kwa kijiko kimoja. Kidogo inamuacha mugonjwa, nyingi inamuumiza. Mwili wake ni mudogo."

"Ongeza maji, basi. Mimi kasiksi ikikaza naongeza maji."

"Kiasi gani?"

Nikahesabu vijiko kwa vidole, nikapotea.

"Unaona," akasema. "Mimi vilevile sijui. Siwezi kukisia na mutoto."

Akaenda nje akaimwaga kwenye shimo la choo. Nikasimama kwenye mvua nikaitazama ikianguka vipande vipande, nyeupe. Pumzi za mujukuu wangu zilikuwa zimelala chini ya chupa siku zote hizi, na mimi nilikuwa mulinzi, nikikataza zisiamushwe.

Barthélemy hawezi kuacha wagonjwa. Aliandika karatasi kwa shofere wa kamyo, aitwaye Léopold, afungue kasha atoe sindano na unga. Nikasema nitaenda mimi. Wote wawili wakatazama miguu yangu, kwa adabu.

"Nitaenda mimi," Sidonie akasema. "Nimekulia kwenye mvua."

Alimuweka mutoto mikononi mwangu. Halafu akafanya kitu ambacho katika nyumba yetu hakijapata kufanywa. Aliingiza mukono ndani ya begi langu, mukono mutupu, bila jani, akatoa muheha wangu akaushika katikati kama muntu anashika fimbo ya kuchungia mbuzi.

"Huu nauchukua, Papa. Utaupata siku Jeannette ataomba chakula mwenyewe."

Mbele ya infirmie. Mbele ya mama mumoja mwenye jipu. Sidonie aliuchomeka kwenye mukanda wa kikwembe akatoka, na mvua ikamumeza.

Sasa iko asubuhi. Hajarudi. Barthélemy ananiruhusu kazi mbili tu: kumupa mutoto maji yaliyochemka, kidogo kidogo, nimemukalisha, na kumupanguza kwa kitambaa. Watu wanaotoka upande wa muto wanasema gogo la kuvukia limechukuliwa na maji. Nimewauliza kama walimuona mwanamuke mwenye kikwembe cha kijani. Hapana. Mumoja akauliza, "Iko mukeo?" Nikasema, "Iko mutoto wangu."

Mchana

Anapumua. Nimeacha kuhesabu kwa sababu nikihesabu nafika mbali sana haraka sana.

Nimemuhadithia habari ya mbuzi ya Mukankusi. Mara ya kwanza namwambia muntu kweli yake. Hakucheka, lakini alishika kidole changu.

Jioni

Mvua. Hajarudi.

Jumatano, 16 Oktoba

Amerudi. Saa za katikati ya asubuhi, udongo mpaka kifuani, bila kikwembe cha juu. Kikwembe kilikuwa kichwani, kimefunga kasha dogo la karatasi, kavu kama ubao. Gogo halikuwepo kweli; alipanda juu mpaka pale muto unapokuwa mwembamba, akavuka kwa kamba za pori kama wanavyovuka kwao wakifuata nguruwe. Mimi niliyezaliwa kando ya muto ule sijui hata kama kuna kamba.

"Na yule Léopold alikusumbua?"

"Alisema atatoa kasha barabara ikifunguliwa. Nikakaa mbele ya mulango ya kamyo yake."

"Ukamuambia nini?"

"Sikumuambia kitu. Nilikaa."

Muheha ulikuwa bado kwenye mukanda. Niliutazama. Akaona ninautazama, akaugeuzia nyuma.

Barthélemy akamupiga mutoto sindano mara moja, na akasema ataendelea nazo mpaka kesho jioni, halafu siro.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mutoto amelia kwa sindano ya jioni. Sauti kubwa. Barthélemy akasema, "Asante, Mungu," na mimi nikajifanya naangalia mvua.

Ijumaa, 18 Oktoba

Moto umeshuka. Leo siro. Maji yakachemka, yakapoa, yakafika kwenye mustari. Sidonie akachukua chupa, akanipa mimi mbele ya wote.

"Papa. Tikisa."

Nikatikisa. Nilitikisa mpaka bega likalia na yule mama wa jipu akaanza kupiga makofi kama kwenye ngoma. Barthélemy akaikagua kwenye dirisha: chini hakuna kitu, yote rangi moja. Akatuonyesha: mutoto akae, asilale, usimubane pua, utie pole pole pembeni ya shavu, umuache ameze. Jeannette akameza, akangoja kidogo, halafu akakunja uso mpaka nikaona babu yangu mwenyewe ndani yake.

"Chungu!" akasema. "Babu mubaya!"

Sijapata kusifiwa namna hii kwa kinywaji chochote.

Jumapili, 20 Oktoba

Tuko nyumbani. Asubuhi nimetikisa, saa sita nimetikisa. Wakati wa viazi, Jeannette amesema, kwa kinywa chake, watu wote wakisikia, "Mama, njaa."

Nikakohoa. Nikamutazama Sidonie. Nikakohoa tena.

"Na wewe umepata kikohozi, Papa?"

"Muheha."

"Chupa haijaisha."

"Siku ile hukusema chupa!"

"Leo nasema."

Mutoto wa pori anajua kutega.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mutoto anafukuza kuku. Mukankusi alimuona akaja mbio na Hilaire, mwenye makamasi mpaka kidevuni.

"Wako amepona na chupa ina nusu. Muntu anaficha kinywaji jirani yake anakufa kiu? Wewe, Nzabandora?"

Alipiga pale pale panapouma. Kwetu, kumunyima jirani kinywaji ni kumufungia mulango. Nilikuwa karibu kumupa. Mukono ulikuwa umekwisha kutoka.

"Hii ni ya Jeannette mpaka tone la mwisho," nikasema. "Ukikata katikati, ugonjwa unarudi na marungu. Na ya mapafu yake si ya pua ya Hilaire. Twende kwa Barthélemy, nitamubeba mimi."

"Muchoyo! Muzee muchoyo! Nitasema kwa kila chungu!"

Lakini tulikwenda, yeye akinitukana njia yote na mimi na kamasi za Hilaire shingoni. Barthélemy akamuangalia pua, koo, masikio, mugongo. Hakuna homa ya mapafu. Mafua tu, anywe maji mengi ya moto, arudi akipata moto ao akianza kupumua haraka. Mukankusi akauliza, basi siro iko wapi? Hakuna, Mama. Tukarudi. Karibu na nyumbani akasema, "Ningemunywesha Hilaire dawa isiyo yake." Nikamuambia mimi nilikwisha kukosa zaidi yake, nilimupa wangu maji matupu.

Alikuwa anajua. Kilima kizima kinajua.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Nimetikisa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Jeannette anatikisa vilevile, chupa tupu ya mafuta, kila mahali. Anasema anaamusha machicha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Chupa imeisha jana jioni. Leo tulikwenda dispanseri. Barthélemy alisikiliza mugongo muda murefu, halafu akampa Jeannette ule mupira asikilize mugongo wangu. Amesema ndani yangu kuna chura.

Jua limetoka kidogo. Chungu nilichokamua juzi kimetulia na leo kiko tayari. Sijakionja, kwa sababu sina cha kuonjea, na midomo ya muzee haiingii kwenye kibuyu kama ya ng'ombe.

Basi, Sidonie. Hujui kusoma, kwa hiyo jioni hii nitasimama kwenye mulango wa jikoni nikusomee maneno haya kwa sauti kubwa. Ukurasa wa kwanza nitauruka. Mutoto ameomba chakula. Chupa imeisha. Muheha wangu uko kwenye nyasi za paa, juu ya kitanda chako, nimeuona wakati nilikuwa namutafuta kuku. Sikuuchukua. Ulisema nitaupata, nami nangoja nipewe.

Niletee. Usimutume Jeannette, na usitafute jani la ndizi. Uushike tu kwa mukono wako.